Aliyeingia Anaitwa Nuli

Ukungu wa Tukuyu ukishaamua kukaa, umekaa. Huna wa kumshtakia. Alhamisi ile ulikuwa umekaa tangu alfajiri, na saa tatu asubuhi, gari la polisi likipanda taratibu kuelekea kiwandani, migomba ya pande zote mbili ilikuwa inajitokeza mmoja mmoja, inalitazama gari, kisha inarudi ilikotoka. Sajini Nurdin alikaa mbele na faili magotini. Koplo alikuwa anaendesha kwa kuotea tu. Nyuma, pembeni ya askari wa kike aliyekuwa anapiga miayo, alikaa Atupokile, pingu mikononi, kitenge kimemfunika mpaka masikioni.

"Afande," Atupokile akasema, "leo ndiyo leo, eeh?"

"Saa nane mchana. Mahakamani."

"Na wewe bado huniamini."

"Mimi siyo mtu wa kuamini, mama. Mimi ni mtu wa kuuliza."

Jibu zuri sana, ila halikumsaidia mtu. Mwanamke yule ana mapacha wa darasa la pili nyumbani, na shtaka la kumjeruhi mtu kwa makusudi lina miaka yake gerezani.

Mambo yenyewe yalionekana mepesi. Ijumaa iliyopita, saa tisa alasiri, Joel, fundi wa usafi, aliingia kwenye chumba cha mashine inayokata majani ya chai. Mkono wake ukiwa katikati ya meno ya mashine, mashine ikawashwa. Vidole vinne vya mkono wa kulia vikaenda, na Joel mwenyewe mpaka sasa amelazwa kule hospitali ya Igogwe. Aliyebonyeza kitufe ni Atupokile, mwendeshaji wa zamu, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta.

Sasa juu ya kitufe hicho kuna ubao mdogo wa taa nyekundu. Mtu akitaka kuingia chumbani hugusisha kadi yake kwenye kisanduku cha mlangoni, na ubao huandika jina lake. Akitoka hugusisha kwenye kisanduku cha ndani, ubao unaandika HAKUNA MTU. Ukiona jina, hubonyezi. Ukiona HAKUNA MTU, bonyeza. Atupokile alisema kwa siku sita, bila kupunguza wala kuongeza neno, kwamba ubao ulisema HAKUNA MTU. Karatasi ya kumbukumbu ilisema Joel aliingia. Basi kati ya mwanamke na mashine mmoja alikuwa anadanganya, na watu wote walikuwa wamesimama upande wa mashine.

Isitoshe, kulikuwa na ile habari ya kwaya. Joel ni mwalimu wa kwaya usharikani kwao, na wiki mbili kabla ya ajali alimnyang'anya Atupokile nafasi ya kuongoza wimbo wa mavuno, akampa binti mmoja aliyejiunga juzi juzi tu. Atupokile alisimama mbele ya waimbaji thelathini akasema, "Utanitambua, Joel!" Mashahidi thelathini, wote wana sauti.

Halafu kulikuwa na Nuru. Taarifa iliyopigwa chapa kituoni ilionyesha kwamba mara tu baada ya Joel, mtu aitwaye Nuru aligusisha kadi mara mbili. Na kweli kiwandani aliwahi kuwepo Nuru, akaachishwa kazi mwezi uliopita kwa kulala kwenye magunia. Mkuu wa upelelezi akapiga meza: njama! Nuru amezuga mlangoni, Atupokile amebonyeza. Nurdin akapoteza siku mbili Isongole, juu ya bodaboda, kwenye baridi, mpaka akamkuta huyo Nuru shambani, udongo mpaka magotini, anavuna viazi. Majirani kumi na mmoja waliapa kwamba Ijumaa ile hakuinua mgongo isipokuwa kwa ajili ya kula.

"Tena alikula sana," mmoja akaongeza.

Kwa hiyo Nuru hakuwepo, na bado aliingia. Nurdin alikuwa analizungusha hilo kichwani gari liliposimama.

Mzee Lutufyo, mlinzi mkuu, alitoka ndani ya ukungu kidogo kidogo: kwanza kofia, kisha koti refu, mwisho yeye mwenyewe.

"Ndaga, Sajini. Kalibuni. Balidi leo."

"Ndaga, mzee. Naitaka ile karatasi ya Ijumaa."

"Mnayo nyinyi."

"Tunayo ambayo wewe ulimsomea koplo kwa simu, koplo akaandika. Naitaka ile iliyotoka kwenye mashine."

Mzee akaingia kibandani. Humo ndani palikuwa na kimashine kidogo cha kutoa karatasi nyembamba kama za risiti za dukani, kinatema mstari mmoja kila mtu anapogusisha kadi kuingia. Akavuta droo, akatoa kitabu cha nyimbo, na ndani ya kitabu akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Niliitunza," akasema. "Nilijua iko siku mtaitaka. Nyinyi watu hamna halaka."

Nurdin akaikunjua juu ya boneti ya gari, akaifuta unyevu kwa kiganja. Ilikuwa safu ndefu ya majina. ANDONGWISYE. ANDONGWISYE. ANDONGWISYE. Kisha AMBINDWILE mara tatu. Kisha AGNESS mara tatu. Mwisho kabisa, saa 15:07, ilikuwa hivi:

JOEL
(null)
(null)

"Hebu nisomee hapa chini, mzee."

"Nuli," mzee akasoma.

"Soma tena."

"Nuli! Si ndiye huyo mliyekuwa mnamtafuta?"

Nurdin akageuka polepole. "Koplo. Mzee alikwambia nani kwenye simu?"

"Alisema Nuli, afande."

"Na wewe ukaandika?"

"Nuru." Koplo akameza mate. "Afande, wazee wa huku unawajua, ere kwao ni ele. Wakisema kalatasi ni karatasi, wakisema balidi ni baridi. Nikamsahihishia."

"Ukamsahihishia."

"Ndiyo, afande."

Siku mbili za bodaboda, mgongo unauma mpaka leo, kwa sababu koplo na elimu yake alimsahihishia mzee aliyesoma sawasawa! Yako maneno ambayo hayafai kusikika getini kwa watu, tena mbele ya kitabu cha nyimbo.

Badala yake akainamia karatasi. "Majina yote yako kwa herufi kubwa," akasema. "Hili ni la herufi ndogo, tena limefungiwa kwenye mabano. Mtu gani jina lake linaandikwa hivyo?"

"Labda ni mtu mfupi," koplo akasema, akajuta papo hapo.

"Na hii ya kila jina kuandikwa mara tatu, mzee? Mashine ina kigugumizi?"

"Mashine haina neno. Ndivyo tunavyoingia. Njoo."

Wakapita uani, wakaingia ndani ya kiwanda. Humo ukungu ulikuwa umegeuka mvuke, na harufu ya majani yaliyonyaushwa ilikuwa nzito, tamu, ya kumlegeza mtu magoti. Wafanyakazi walipita na magunia yao bila kishindo, nusu wanaonekana, nusu hawaonekani, na Nurdin alisikia kope zake zinashuka zenyewe. Mzee Lutufyo akasimama mbele ya mlango wa chumba cha mashine, akatoa kadi shingoni, akajiweka vizuri, akavua kofia.

"Hodi," akasema, akagusisha. "Hodi." Akagusisha. "Hodi." Akagusisha tena, akavaa kofia. "Mtu mzima haingii mahali kwa hodi moja, Sajini. Hodi moja ni ya polisi."

"Nani aliwafundisha?"

"Siku ya mafunzo walituambia wenyewe: kuanzia leo kadi hii ndiyo hodi yenu. Basi tunabisha."

Nurdin akaitoa kalamu yake, akaandika: hodi tatu.

Injinia Rubeni, mkuu wa mitambo, aliwapokea ofisini kwake amesimama. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na kauli zilizopigwa pasi.

"Sajini, nilishasema. Ile mashine haidanganyi. Haina sababu ya kudanganya. Atupokile anayo."

"Jina la Joel lilifika kwenye ubao?"

"Likitoka kwenye karatasi, limetoka kwenye ubao. Ni kitu kimoja."

"Aliyeuona ubao ni nani?"

"Ni yeye tu. Watu waliposikia kelele walikata umeme wa kiwanda kizima ili wamtoe Joel, ubao ukazimika."

"Na hii null?"

"Kelele za umeme." Rubeni akapunga mkono.

"Wiki ile umeme ulikuwaje?"

"Mzuri ajabu! Tangu Jumatatu mpaka Ijumaa haukukatika hata mara moja. Tulishangaa wenyewe."

"Siku za kawaida?"

"Ah, siku za kawaida unakatika kila siku. Siku nyingine mara mbili."

Nurdin akaliandika na hilo, ingawa alikuwa bado hajui anamwandikia nani.

Aliyetengeneza kisanduku alikuwa binti wa Mbeya, Shamimu, aliyefika jana yake kwa basi baada ya kuitwa na polisi. Walimkuta kwenye chumba cha chai cha wafanyakazi, kompyuta yake imefunguliwa mbele yake, macho mekundu, kikombe hakijaguswa.

"Mnakuja kunifunga?" akauliza kabla hata ya salamu.

"Nina mtu mmoja wa kufunga na bado sijaridhika naye," Nurdin akasema, akavuta kiti. "Niambie. Null ni nani?"

"Siyo mtu."

"Ni nini?"

"Ni... hakuna. Ni kielekezi kisichoelekeza popote."

"Dada, nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama ni mwalimu wa hesabu."

"Basi nieleze kama unavyomweleza mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anauza vitenge hapo sokoni."

Shamimu akafikiri. Nje ya dirisha hakukuwa na kitu, weupe mtupu, na chumba kile kilikuwa kama kimening'inizwa hewani.

"Jana nimelala gesti pale stendi," akasema. "Umefika mapokezi, unaomba chumba, wanakupa kikaratasi cha namba ya chumba. Sawa? Sasa jina likisomwa kwenye kadi, nalo linahitaji pa kulala ndani ya kisanduku, kwenye kumbukumbu yake. Programu yangu inakwenda mapokezi: naomba nafasi ya herufi tano kwa ajili ya Joel."

"Joel ni herufi nne."

"Nne, na moja isiyoonekana. Kila jina mwisho wake kuna herufi isiyoonekana, inasema jina limeishia hapa. Bila hiyo, kisanduku kitapitiliza kusoma vilivyolala chumba cha jirani."

Nurdin akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ilimpendeza kwamba jina lina mahali pa kufunga mlango.

"Mapokezi wanatoa kikaratasi cha namba ya chumba," Shamimu akaendelea. "Hicho ndicho kielekezi. Siyo jina, ni pa kulikuta jina."

"Na vyumba vikiwa vimejaa?"

"Wanatoa kikaratasi kitupu. Hicho ndicho null."

"Kwa hiyo hii ya Ijumaa inasema vyumba vilijaa."

"Haiwezekani vijae! Majina ni mafupi, na mtu akitoka..."

Akakigeukia kioo cha kompyuta.

"Mtu akitoka?" Nurdin akauliza taratibu. Kama kuna jambo analolijua baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, ni kutomsukuma mtu aliyesimama ukingoni.

"Akitoka, programu inatakiwa irudishe chumba."

"Inarudisha?"

Shamimu akaivuta kompyuta. Akapandisha mistari, akateremsha, akapandisha tena. Kidole chake kikasimama mahali pamoja muda mrefu.

"Niliandika pa kuomba," akasema kwa sauti ndogo. "Pa kurudisha sikuandika. Nilisahau. Yesu wangu... Allah, nilisahau!" Alichanganya wa kuwaita wote, kwa hofu.

"Tulia. Maana yake nini?"

"Kila jina lililowahi kuingia bado limelala mle. Mgeni ameshaondoka zamani, chumba kimefungwa, ufunguo amekwenda nao. Lakini nilijaribu siku tano nzima! Unagusa mara moja, unaingia. Unagusa, unatoka. Haikujaa."

"Umeme ukikatika inakuwaje?"

"Kila kitu kinafutika. Vyumba vyote vinakuwa wazi upya."

Nurdin akageuza daftari lake, akaliweka mbele ya binti. "Kwa kawaida umeme wa hapa unakatika kila siku, basi kila siku gesti yako inafagiliwa. Wiki ile haukukatika tangu Jumatatu. Na watu wa hapa hawagusi mara moja wakiingia. Wanagusa mara tatu."

"Mara tatu? Kwa nini?"

"Ni watu wenye adabu."

Koplo akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Sasa swali langu la mwisho, dada, lijibu polepole. Ubao unajuaje kwamba chumbani hakuna mtu?"

Shamimu akamtazama. Rangi ilimtoka usoni kabla ya jibu kumtoka mdomoni.

"Unaangalia kikaratasi," akasema. "Kikiwa na namba, unaandika jina. Kikiwa kitupu..."

"Unaandika hakuna mtu."

"Ndiyo."

"Lakini kikaratasi kitupu kinatolewa pia vyumba vikijaa."

"Ndiyo."

"Mapokezi wamesema hakuna nafasi. Wewe ukasoma hakuna mtu."

Binti akafunika uso kwa mikono miwili, akalia. Alilia kwa haki yake. Hayo ni mambo ya kulia. Nurdin alimwacha, akaichukua ile karatasi ya Lutufyo, akaiwekea kidole. Hodi ya kwanza ya Joel ilipata chumba cha mwisho kilichobaki, ubao ukaandika JOEL. Hodi ya pili ikaomba chumba kingine, ikapewa kikaratasi kitupu, kile cha kwanza kikatupwa. Ya tatu vivyo hivyo. Mtu akaingia ndani huku jina lake limeshatoka nje.

"Leo kimebaki kiasi gani?" akauliza. "Kisanduku kimewashwa tena tangu Jumamosi."

Shamimu akapangusa pua, akachomeka waya, akasoma. "Nafasi ya majina kama arobaini. Na umeme?"

"Haujakatika," koplo akasema. Hata yeye sasa sauti ilikuwa imepungua.

"Basi alasiri hii kingejaa chenyewe," Shamimu akasema.

Nurdin akasikia baridi ambayo haikuwa ya ukungu. Akatazama saa: sita kasoro robo. Alikuwa na maelezo mazuri, lakini maelezo ya gesti hayamtoi mtu pingu. Mkuu wake atasema binti anajitetea, Rubeni atasema kelele za umeme. Lazima waone kwa macho.

Akamwita Ambindwile, fundi umeme, mtu mnene mtulivu mwenye bisibisi sikioni. "Mashine ya kukatia ikate umeme, hiyo peke yake. Kisanduku na ubao viache. Fyuzi zake weka mfukoni mwako, usimpe mtu hata akiwa mfalme."

Ambindwile akatoa fyuzi tatu, akazitia mfukoni, akazipiga zilie ili Nurdin asikie. Nurdin akabonyeza mwenyewe kile kitufe na kuhakikisha mashine imekufa. Shamimu akamtengenezea kadi, kisha akagusisha kadi nyingine mlangoni mara kwa mara akihesabu, mpaka akasema, "Basi. Imebaki nafasi ya mmoja." Upande wa kitufe, Atupokile alisimamishwa kando na askari wa kike, akiwa na koplo. Agness, mwendeshaji wa zamu ya Alhamisi hiyo, alikuwa mbali kule kwenye matandiko ya kunyaushia, anageuza majani.

Nurdin akavua kofia. Hodi. Hodi. Hodi. Akaingia.

Ndani palikuwa kimya. Mwanga ulishuka kutoka kwenye paa la plastiki, kijani hafifu, wa chini ya maji, na vumbi la majani lilielea bila haraka ya kutua. Nurdin akapiga magoti pale alipopiga Joel. Akaupeleka mkono wa kulia katikati ya meno, kwa kuwa ndivyo alivyofanya mwenzake, na maelezo ya mahali hayaandikwi kwa kukisia. Chuma kilikuwa baridi na kinanata utomvu wa chai. Harufu ile tamu ikamzidi, akawa kama mtu anayeota kwamba anapiga magoti. Kwa mbali akamsikia koplo anamwita Rubeni, kama walivyopanga: "Injinia! Njoo uwashe mashine, fanya kama siku zote." Akasikia viatu vya Rubeni. Vikasimama.

Ta.

Mlio mdogo tu wa kitufe, lakini karibu kabisa na sikio. Fyuzi zilikuwa mfukoni kwa Ambindwile, naye alijua. Hata hivyo mkono ulikuwa umeshatoka kwenye meno na uko kifuani kabla hajauamuru. Akakaa hivyo, akivuta pumzi, mpaka moyo ulipotulia. Ndipo akanyanyuka, akatoka, akazunguka ukuta.

Rubeni alimwona anajitokeza kwenye mvuke, majani yamemganda kwenye mikono ya sare, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Ndani. Umebonyeza?"

"Nimeambiwa nifanye kama siku zote!"

"Siku zote unafanyaje?"

"Naangalia ubao."

"Ubao umesemaje?"

Rubeni akautazama ubao. Taa nyekundu zilikuwa palepale, HAKUNA MTU, hazina wasiwasi wowote. Akamtazama Nurdin. Akautazama tena ubao. Jasho likaanza kumtoka kwenye baridi ile.

"Sajini," akasema, "mimi sina ugomvi na wewe."

"Najua. Ndiyo maana nilikuchagua wewe."

Koplo alikuwa ameshaanza kuandika, safari hii kila kitu kama kilivyotamkwa. Nurdin akatoa simu, akampigia mkuu wa upelelezi, akaongea kwa ufupi, akasikiliza kwa muda mrefu zaidi, akasema, "Ndiyo, afande. Nimebonyezewa mimi mwenyewe." Akakata. Akamwambia askari wa kike amfungue mama yule.

Pingu zilipotoka, Atupokile hakushangilia. Alisugua vifundo vya mikono yake, akautazama ubao, machozi yakamshuka tu bila sauti.

"Zamani tulikuwa tunaita kwa mdomo," akasema. "Kabla ya huu ubao. Unaingiza kichwa mlangoni, unaita, ndipo unabonyeza. Siku ile nilisoma, sikuita. Joel angeniitikia, afande. Pamoja na kwaya yote ile, angeniitikia."

Nurdin akamwambia Ambindwile arudishe fyuzi, kisha akamshika Shamimu kando kuandika maelezo yake. Rubeni alikuwa anatembea huku na huku, anajipangusa, anaongea peke yake kuhusu majani yanayochachuka kwenye matandiko tangu saa nne, kazi imelala, mzigo wote utaharibika. Dakika zikapita, kumi, labda zaidi. Kwenye mvuke ule hakuna anayehesabu. Rubeni akamwona Agness anakuja na kapu la kwanza, akampungia mkono kwa mazoea, bila kufikiri: haya, haya, washa. Agness hakuwa amesikia hata neno moja la yale yote. Akaweka kapu chini, akainua macho kwenye ubao, HAKUNA MTU, akanyoosha mkono.

"Acha!"

Ilikuwa sauti ya kwaya, sauti ya kuongoza wimbo, nayo ilijaza kiwanda kizima mpaka watu wa mwisho kabisa wakageuka. Agness akaganda, kidole juu ya kitufe. Atupokile akampita Rubeni, akampita Sajini, akazunguka ukuta mbio, akaingiza kichwa kwenye mlango wa chumba cha mashine.

"Kuna mtu humo?"

"Nipo, mama!" Ambindwile akaitika kutoka chini kabisa ya mashine. "Hodi tatu nimebisha, fyuzi nimesharudisha. Kuna boliti nimeiona imelegea huku kwenye meno, naikaza. Msiguse kitu, mkono wangu uko ndani!"

Agness akaondoa kidole, akakaa chini sakafuni palepale alipokuwa. Rubeni akashika ukuta. Atupokile hakuondoka mlangoni. Alisimama ameushika mlango wote, kulia na kushoto, mpaka fundi alipotambaa akatoka, bisibisi sikioni, anashangaa watu wanamtazama nini. Ndipo akamshika mkono wa kulia, akaufuta utomvu kwa kitenge chake, akahesabu vidole kimoja kimoja, kwa sauti, mpaka cha tano.